Jino Langu na Pipa la Kijiji

Jumatatu, 13 Oktoba

Mimi, Coll McIndeor, ndiye mwenye pua kali kuliko pua zote za kisiwa cha Islay. Nipe glasi ya wiski, nitakutajia kiwanda, nitakutajia pipa, na nitakwambia kama aliyelijaza alikuwa amenuniwa na mkewe siku hiyo.

Haya, ni uongo. Pua yangu imekufa. Iliondoka na mafua ya mwaka juzi na haijarudi. Niligundua siku uji ulipoungua mpaka sufuria ikawa makaa, nami nimekaa kando yake nasoma gazeti, nimetulia tuli. Dada yangu Effie alikuja mbio kutoka kwenye banda la kuku, akaniuliza kama nataka kutuchoma moto. Nikamwambia nautaka uji hivyohivyo. Ikanibidi niule wote! Tangu hapo sijamwambia mtu. Nanusa glasi, nafumba macho, nakunja uso, nasema "mmm". Watu wanatikisa vichwa kwa heshima.

Kila Oktoba tunashindana ukumbini. Glasi tano zisizo na jina, moja ndiyo ya kwetu. Anayeitambua anakalia Kiti cha Pua mwaka mzima, kile chenye mto mwekundu kando ya jiko. Mimi nimekikalia mpaka mto umeshika umbo la makalio yangu. Mwaka jana nilishinda kwa macho tu. Ya kwetu ilikuwa nyeusi kuliko zote. Nikanusa kwa madaha, nikaonyesha kidole.

Lakini mwaka huu si kiti tu. Jumamosi linafunguliwa pipa la kijiji! Lilijazwa mwaka ule upepo ulipong'oa paa la ukumbi. Kiwanda kilitupatia pipa la wiski, sisi tukakipa mboji, udongo mweusi wa bwawani, tukaukata, tukaukausha, wakauwasha chini ya shayiri yao mpaka kila punje ikanywa moshi. Mboji ile niliikata mimi na kaka yangu Ruairi na vijana wengine. Wote sasa wamelala nyuma ya kanisa. Nimebaki mimi. Moshi wetu umekaa humo ndani ya mbao miaka yote hii. Atakayeshinda ndiye anayepewa glasi ya kwanza.

Ikienda kwa Torquil Carmichael, basi mnizike wima.

Jumanne, 14 Oktoba

Pigo! Bi Una MacAffer, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, ametangaza dukani mbele ya watu kwamba mwaka huu glasi zitakuwa za buluu. Buluu nzito kama chupa ya dawa. Wiski haionekani rangi. Eti ushindani uwe wa haki. Haki! Neno hilo limeharibu sherehe nyingi duniani.

Torquil alikuwepo, ananunua viazi. Huyu ni jirani yangu, zamani nahodha wa feri, sasa anatega kambakoche na kufuga ndevu. Pua yake ni nzima, hilo ndilo baya lake. La pili ni maneno. Akionja wiski anasema anasikia kiti cha ngozi katika nyumba ya mjane. Nilimuuliza mbele ya mwenye duka alijuaje harufu ya kiti cha mjane. Dukani wakacheka. Yeye akacheka zaidi, akaniambia: "Jumamosi tutaonana, mzee wa pua. Za buluu hizo!" Ananishuku, yule.

Nimerudi nyumbani nimenyong'onyea. Nikajimiminia tone la kujifariji kutoka ile chupa kali aliyonipa binamu yangu wa kiwandani, isiyotiwa maji hata kidogo. Nikapiga yowe! Ni jino langu la nyuma, lenye tundu. Nikajaribu ya dukani, ile iliyozimuliwa maji. Jino likanyamaza. Nikarudia kali. Yowe! Nikarudia ya dukani. Kimya.

Nikakaa. Nikafikiri.

Mwaka huu ya kwetu itatoka kwenye pipa la kijiji, ilivyo, haitiwi maji. Zile nyingine nne Bi Una atazinunua dukani. Pua yangu imekufa, lakini Mungu ameniachia jino!

Jumatano, 15 Oktoba

Lazima kuhakikisha. Pipa likikaa sana, ukali hupungua. Je, jino litalitambua? Nimechukua bomba langu la shaba.

Enzi zetu kiwandani kila mwanamume mwenye akili alikuwa na bomba lake. Limezibwa chini kwa sarafu, juu kwa kizibo, linaning'inia kwa kamba ndani ya suruali, ubavuni mwa mguu. Asubuhi linaingia pipani, jioni linatembea nyumbani. Langu nilikuwa nimeliweka kabatini nyuma ya Biblia ya baba, mahali ambapo Effie hapapangusi.

Ukumbini hapakuwa na mtu. Pipa limelala kwenye kigoda chake, kizibo kimeshalegezwa. Nikazamisha bomba, nikalivuta, nikaliteremsha surualini. Dakika hiyohiyo akaingia Bi Una na birika.

Akaniuliza nafanya nini. Nikasema nimekuja kulisalimia pipa. Akasema hilo ni jambo zuri, kaa tunywe chai. Sikuweza kukaa. Nikakaa. Mguu mmoja umenyooka mbele kama mti wa lango. Akauliza una nini. Nikasema goti. Akasema ana marhamu ya farasi, inatibu goti mara moja, hebu lione. Nikamwambia, Bi Una, mimi ni mzee wa maadili, goti langu halijaonwa na mwanamke tangu mama yangu. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nikacheka kwa adabu. Kizibo kikatoka.

Imeshuka yote kiatuni! Nimerudi nyumbani nafanya chwa, chwa, chwa, mguu mmoja mkavu, mguu mmoja tajiri. Kondoo wa Torquil wamenigeukia njiani, wakanifuata.

Nimekamua soksi kwenye kikombe. Nimeonja. Yowe nililopiga limewarusha mabata bukini wote shambani, wale waliotua juzi kutoka kaskazini. Wingu zima! Jino linalitambua pipa. Linalitambua kuliko mimi ninavyoitambua sura yangu.

Na lile tone si glasi ya kwanza. Kilichopita kwenye soksi hakihesabiki.

Alhamisi, 16 Oktoba

Effie alisikia yowe. Asubuhi akaniambia nivae shati safi, tunakwenda bandarini kuchukua unga. Bandarini hakuna unga. Kuna gari la daktari wa meno, limeshuka na feri!

Nimekimbia. Mzee wa umri wangu, kwenye gati, na watu wanaangalia. Effie ana miguu mirefu. Akanishika ukosi, akaniambia, "Kaka, umelia kama mbuzi jana, leo utatulia." Nikakaa kwenye kile kiti, mdomo nimeufunga.

Daktari ni binti mdogo wa Glasgow, mpole. Akasema afungue aone tu. Kuona tu! Akasema jino limeoza, litoke leo. Nikamwambia haiwezekani, nina miadi nalo Jumamosi. Akamtazama Effie. Effie akasema nimekuwa hivi tangu kuzaliwa. Basi yule binti akasema atalitia kiraka tu kulituliza mpaka arudi, na kabla sijajua ana nini mkononi, kiraka kimo.

Nyumbani nimejaribu wiski kali. Kimya. Nikajaribu tena. Kimya cha makaburini! Sina pua, sasa sina jino. Nimekaa kitandani natazama ukuta. Nimemwona Torquil moyoni, kwenye mto wangu mwekundu, anasikia viti vya ngozi kwenye moshi wangu.

Hapana. Mimi si mtu wa kushindwa na kijipande cha saruji. Nimechukua sindano ya Effie ya kufumia. Nimesimama mbele ya kioo cha kunyolea. Sitaandika yaliyofuata. Kiraka kimetoka. Jino li hai, linapiga ngoma mpaka kisogoni. Mateso matamu! Soksi aliyokuwa anafuma Effie imefumuka kidogo. Nitasema paka. Hatuna paka, lakini nitasema.

Ijumaa, 17 Oktoba

Desturi: mwenye Kiti ndiye anayeosha glasi za mashindano. Bi Una ameleta sanduku asubuhi. Ameniambia ziwe kavu na zing'ae, kwa sababu mwaka jana Mchungaji Farquharson alikuta uzi wa kitambaa kwenye glasi yake, akauhubiri Jumapili.

Miaka yote Effie ndiye aliyeziosha, mimi nikapokea shukrani. Leo Effie amekwenda kwa wifi yake siku nzima. Sawa. Mimi si kilema. Nimeosha kila moja kwa maji ya moto mpaka vidole vikawa kama zabibu kavu. Tatizo ni kukausha. Mvua tangu alfajiri, nyumba imelowana mpaka ndani ya makabati. Kitambaa kinaacha uzi.

Nikapata akili. Nimefunga kamba juu ya moto wa mboji, nikazitundika zote kichwa chini, kama nguo za watoto. Nimeongeza mboji, ile mbichimbichi iliyokuwa nje. Upepo wa kusini ulikuwa unarudisha moshi chini kupitia bomba la jiko, nikatokwa machozi kidogo, lakini mbona kazi imekwenda vizuri! Zimekauka zote. Nimezipangusa kwa nje, zimeng'aa, nimezipanga sandukuni, nimelifunga. Bi Una amelichukua jioni, akanisifu.

Inakuwaje watu wanasema kazi za nyumbani ni ngumu?

Jumapili, 19 Oktoba

Jana sikuweza kushika kalamu. Nasimulia leo. Effie anasema Jumapili si siku ya kuandika upuuzi. Nimemwambia huu ni ushuhuda.

Ukumbi ulijaa. Meza mbele, pipa kando yake limefunikwa kitambaa cha heshima. Waonjaji watatu: mimi, Torquil na Mchungaji, ambaye hajapata hata mara moja na hajali, anakuja kwa ajili ya keki. Alikuwa anaisifu keki ya Effie kwa sauti. Effie akanikazia macho. Nami nikatazama dari.

Bi Una akaleta glasi za buluu. Tukaanza.

Nikanusa, nikafumba macho, nikasema "mmm". Torquil akanusa ya kwanza, akasema kwa sauti ya kinabii kwamba hii ndiyo, moshi mtupu, ya kwetu hii! Akanusa ya pili. Akasema na hii. Ya tatu akakunja nyusi. Ya nne. Ya tano. Akaweka glasi chini akamwambia Bi Una, "Mama, umetufanyia mchezo. Zote tano ni za pipa letu." Bi Una akasema hajafanya mchezo wowote, achague moja. Torquil akavuta ndevu, akachagua ya pili. Mchungaji akachagua ya kwanza kwa kuwa ilikuwa karibu na keki.

Mimi nilikuwa nateremsha moja moja kwenye jino. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu kimya. Ya nne, loo! Niliruka mpaka kiti kikaanguka. Machozi yalinitoka mbele ya kijiji kizima. Nikapiga meza, nikasema, "Hii!" Watu wakadhani ni mapenzi.

Bi Una akageuza kikaratasi. Ya nne! Makofi! Effie analia! Nikamwinamia Torquil, nikamuuliza hali ya yule mjane.

Heri ningenyamaza. Torquil alikuwa ameigeukia meza. Alikuwa ameokota glasi ya akiba, tupu, haijatiwa kitu. Akaitia pua. Akaitazama. Akaitia pua tena. Akasema, "Jamani, glasi tupu inanuka kuliko pipa."

Ikapitishwa mikono kwa mikono. Kila mtu akanusa, akanitazama. Nami nikanusa, nikatikisa kichwa kwa masikitiko, sijui nasikitikia nini. Torquil akauliza nani aliziosha. Bi Una akauliza zilikaukia wapi. Nikasema, kwa fahari, juu ya moto.

Kelele! Torquil akasimama, akasema nimezifukiza makusudi kuua pua zao. Mtu yeyote mwenye pua, alisema, angesikia moshi ule kutoka barabarani. Na mdanganyifu, kanuni yetu inajulikana, haondoki na Kiti wala glasi ya kwanza wala haonji tena mezani maisha yake.

Nikasimama pale nimekwama. Nikikubali ni hila, napoteza moshi wetu. Nikikataa, lazima niseme pua imekufa. Nakiri nilipima. Hila ina heshima yake. Pua iliyokufa haina. Lakini nikalitazama lile pipa.

Nikasema. Pua yangu imekufa, haisikii kitu tangu mwaka juzi.

Unajua walifanya nini? Hawakuniamini! Torquil akasema huo ndio uongo mkubwa kuliko wote. Akatoka nje kwenye pikapu yake, akarudi na bakuli lililofunikwa. Wakanifunga macho kwa skafu ya Mchungaji. Bakuli likaletwa chini ya pua. Nikasikia viti vinaburuzwa, watu wanarudi nyuma, mtoto analia. Bi Una akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyejibana pua, "Coll, sema kweli, hiki ni nini?"

Nikavuta pumzi ndefu. Nikafikiri. Nikasema, "Ni vile vikeki vyako vya tangawizi, Bi Una, vikiwa vya moto."

Kilikuwa chambo cha samaki heringi, kimeoza wiki mbili.

Walicheka mpaka wengine wakakaa sakafuni. Bi Una hakucheka. Torquil alicheka kidogo, kisha akaacha, akanitazama kama mtu aliyekuta mlango wa jirani uko wazi. Akauliza, basi ya nne uliijuaje? Nikafungua mdomo, nikamwonyesha jino.

Kamati ikakutana palepale, nyuma ya jiko. Uamuzi: Kiti cha Pua hakikaliwi na mtu asiye na pua. Kwa hiyo Kiti ni cha Torquil. Lakini glasi ya kwanza ni ya aliyeitambua wiski, na kanuni haisemi aitambue kwa kiungo gani. Bi Una alisema hivyo kwa ukali, na ningali namsikia.

Wakaosha glasi moja upya, mara mbili. Bi Una akanimiminia. Nikaishika. Nyepesi. Nikainusa, mazoea tu. Hakuna kitu. Nikaona ujinga wangu wote wa wiki nzima umeishia kwenye maji ya rangi. Ruairi, na bwawa, na yale majira ya kiangazi tuliyoinama mpaka migongo ikalia, vyote vimo humo, na mlango umefungwa.

Torquil akavuta kiti akakaa karibu yangu. Sikumwomba. Akachukua glasi mkononi mwangu, akainusa, akanirudishia. Akaanza kusema polepole, bila ile sauti ya kinabii:

"Kwanza moshi. Si ule wa glasi zako, mpumbavu we. Moshi wa bwawani, mboji ikiwa bado na mvua juu. Haya, kunywa kidogo. Sasa kamba ya boti yenye lami. Chumvi. Subiri. Kuna tofaa lililookwa, Coll. Mama yenu alikuwa akiyaoka, tulikuwa tukimwibia dirishani, mimi na Ruairi. Kunywa. Mwishoni majivu. Jiko asubuhi, kabla mtu hajaamka."

Nikanywa. Jino likapiga kelele. Maneno yake na wiski vilishuka pamoja, siwezi kusema kipi kilikuwa kipi. Niliomba arudie pale kwenye bwawa. Akarudia.

Kisha akaharibu. Akasema anasikia pia kiti cha ngozi. Nikamwambia anyamaze, mjane ni wake peke yake.

Jumanne, 21 Oktoba

Jana nimepita ukumbini. Torquil amekikalia Kiti changu. Ameugeuza mto! Umbo langu lote limekwenda chini. Alinisalimia kwa upole, akaniambia nivute kigoda nikae naye. Nimekaa. Nimekunywa chai yake. Nimemsikiliza. Wakati wote huo nilikuwa nikifikiri.

Kosa langu sasa nimelijua: nilitegemea jino moja. Yule binti wa Glasgow anarudi mwezi ujao, atalichukua hili, Effie ameshaapa. Basi nimeanza kunyonya pipi ngumu upande wa kulia, asubuhi na jioni, zile zinazonata. Mpaka Oktoba ijayo nitakuwa na tundu zuri kuliko hili. Watanipa tu Kiti, nikishinda kwa jino mara mbili mfululizo. Nani atakumbuka habari za pua? Na jino changa linahitaji mafunzo mapema. Pipa lile halijafika hata nusu, na Bi Una hulifunga kizibo kwa mkono tu.

Effie, najua unasoma humu. Lile doa la jemu kwenye ukurasa wa Alhamisi si langu, na sasa unajua habari za soksi, kwa hiyo tusirudie. Nakukumbusha kwamba ile keki Mchungaji aliyoisifu Jumamosi, nami nikatazama dari, ilitoka dukani ndani ya boksi, na boksi nililichoma mimi. Una deni la fadhila kwangu hapo. Siombi kikubwa. Nishonee mfuko mpya kwenye suruali ya kijivu, upande wa kushoto, wa turubai imara, ushuke mpaka chini ya goti. Na kizibo kikubwa kidogo, kama unacho.